Hanamu

Fundi Chitanda wa sokoni alinijibu pini zikiwa mdomoni:
Hanamu inakula kitambaa, mama Siwema.
Shona ya kawaida, marinda manne, lastiki, basi.
Nikamshukuru, nikarudi nyumbani
na mita tatu za krepe rangi ya bibo lililoiva,
pesa ya korosho, ya mnada wa pili,
iliyochelewa mpaka nikasahau nilichoitakia.

Kwanza karatasi.
Nimepasua mfuko wa saruji, nikaukung'uta uani,
bado unanipiga chafya.
Kiuno, thelathini na nne. Nyonga, arobaini na tatu.
Nagawa kwa nne, naongeza nusu inchi ya mshono,
nachora kwa mkaa, maana chaki kaitafuna mjukuu.
Halafu futi ikasema jambo ninalolijua:
kulia, toka kiunoni hadi sakafuni, arobaini kasoro mbili;
kushoto, thelathini na saba.
Inchi moja.
Ile ya mwaka wa ukame, nilipoteleza na ndoo
nikafika bondeni kabla ya wenzangu.

Sisi wa Newala mteremko tunaujua.
Mama alitoka jogoo la kwanza kwenda kisimani, chini kabisa,
na katika kurudi hakupanda wima hata mara moja.
Wima ni ya mbuzi, alisema, na ya wanaotaka kumwaga.
Aliukata mlima ubavuni:
hatua kumi na mbili hadi mkorosho uliopinda,
ageuke, kumi na mbili nyingine,
na maji hayakujua kwamba yanapandishwa.

Naitandaza krepe kwenye mkeka.
Nyuzi za mtande zimesimama, za mshindio zimelala,
kila upande na msimamo wake kama mashahidi wa kesi ya shamba.
Vuta hivi, gumu. Vuta vile, gumu.
Nakamata kona, naikunja hadi ukingo ulale juu ya mshindio,
na pale kwenye mkunjo, katikati ya wabishi wawili,
kitambaa kinalegea.
Kinanyooka, kinarudi.

Mkasi.

Mshono wa kwanza niliukaza kwa woga.
Nilipoketi kuujaribu, tk!
ukaachia kuanzia nyonga hadi pajani,
Siwema akacheka mpaka akashika mlango.
Nikafumua. Sasa nazungusha mkono wa cherehani taratibu,
nakinyoosha kitambaa kidogo tu mbele ya sindano,
uzi uwe na akiba ya kukaa chini.

Kisha kungoja. Hili Chitanda hakuligusia.
Sketi ya hanamu haipindwi siku iliyoshonwa.
Nimeitundika kwenye msumari wa kalenda
usiku, na mchana, na usiku tena,
ishuke inakotaka kushuka.
Niliamka kunywa maji nikaikuta
imerefuka ubavuni, mbele imebaki fupi,
mtu aliyesimama kwa mguu mmoja akisikiliza jirani.

Asubuhi niko juu ya stuli, sketi mwilini.
Siwema kapiga magoti na fimbo aliyoitia alama kwa wembe.
Simama sawa, mama.
Nimesimama sawa.
Nyooka basi.
Hivi ndivyo ninavyonyooka.
Akanyamaza.
Akaisimamisha fimbo kwenye ubao wa stuli,
akapima kutoka chini, siyo kutoka kwangu,
pini, pini, pini, akinizunguka,
akakata kilichozidi.

Vilivyobaki ni pembe tupu, havitoshi hata leso.
Chitanda alisema kweli, mita nzima imeliwa.
Nimezijaza kwenye mto wa kukalia, hapa penye cherehani.

Jumamosi wanasoma bei za mnada wa tatu pale chama cha msingi.
Nitakwenda kwa miguu,
kwa njia ya ubavuni.